Posho ipo, maharage yapo, damu ya mtoto iko chini: jibu kwa mama wa Bwaise

SWALI: Tuko watu sita nyumbani, hapa Bwaise, Kampala: mimi, mume wangu na watoto wanne. Mkubwa ana miaka 13, wa mwisho ana 3. Pesa ya chakula ni shilingi 13,000 kwa siku, na makaa yamo humo humo. Asubuhi chai na chapati, mchana posho (ugali) na maharage, usiku vilevile na chai tena. Nyama tunaiona sikukuu. Juzi nesi wa kliniki alisema damu ya mdogo iko chini, akatupa dawa ya maji na kuniambia nimpe chakula bora. Chakula bora nitakitoa wapi kwa pesa hii? Unga wa posho nanunua 2,400 kilo, natumia kilo moja na nusu. Maharage ni 4,000 kilo, natumia nusu. Sukari robo kilo, 1,100. Chapati sita ni 3,000, makaa 2,000, nyanya, vitunguu na mafuta 1,300.

JIBU: Pole na mtoto, mama, na ahsante kwa kuziandika bei zote. Bila bei jibu lingekuwa mahubiri tu.

Tuanze na dawa, kwa sababu chakula hakiwezi kuchukua nafasi yake. Ile dawa ya maji yaelekea ni ya madini ya chuma. Mpe mpaka siku ya mwisho aliyokuandikia nesi, hata mtoto akianza kuruka na kucheza kabla, maana mwili ukishapandisha damu bado unahitaji kujaza akiba. Usimpe pamoja na chai wala maziwa, vyote viwili vinazuia chuma kuingia mwilini. Choo chake kikiwa cheusi usiogope, ni ile dawa. Na kumbuka kwamba chakula si sababu pekee ya damu kupungua. Malaria huipunguza, na minyoo ya safura huifyonza tumboni kidogo kidogo kila siku. Minyoo hiyo huingia kwa nyayo, mtoto anapokanyaga udongo mchafu bila viatu. Kwa hiyo chandarua kila usiku, viatu kila anapokwenda chooni au nje, na dawa ya minyoo. Miezi ya Aprili na Oktoba serikali hutoa bure dawa ya minyoo na matone ya vitamini A katika siku za afya ya mtoto. Usiikose hata moja.

Sasa tuje kwenye sufuria. Watu wengi wakisikia "chakula bora" wanafikiria nyama, maziwa na tufaha za dukani. Kwa hesabu yako, pesa inayokuponyoka haiko kwenye nyama usiyonunua, iko kwenye chapati na sukari. Chapati peke yake inakula 3,000, karibu robo ya pesa yote ya siku, na inakupa unga mweupe na mafuta basi. Robo kilo ya sukari kwa watu sita ni gramu 42 kwa kila mtu, kama vijiko kumi vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Mtoto wa miaka mitatu anatakiwa ale pungufu sana ya hapo, lakini kwa chai yenu anakaribia kikomo cha mtu mzima.

Ningeipanga upya hivi, kwa bei zako. Unga wote wa siku, wa posho na wa uji wa asubuhi, kilo 1.75: shilingi 4,200. Maharage yapande kutoka nusu hadi robo tatu ya kilo: 3,000. Karanga za 1,000. Mukene (dagaa) wa 1,000. Fungu la dodo (mchicha) la 500. Sukari gramu 100: kama 450. Makaa 1,500, nitaeleza hiyo 500 inapookolewa. Nyanya, vitunguu na mafuta hapo hapo kwenye 1,300. Jumla 12,950. Nguvu ya mwili haikupungua, imeongezeka kidogo, kwa sababu karanga na maharage yamefidia chapati na sukari. Chapati si haramu. Kikomando cha jioni, chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage, ni mlo mzuri kuliko chapati na soda. Kilichokuumiza ni kuila kavu na chai, kila siku, watu sita.

Tuseme kwanza juu ya maharage, maana ndiyo nguzo ya nyumba hii na ndiyo yanayopikwa vibaya kuliko chakula kingine chochote.

Robo tatu ya kilo yakiiva yanafika karibu kilo 1.8, yaani gramu 300 kwa kila mtu kwa milo miwili. Protini ya mahindi ina upungufu wa kiungo kimoja cha kujengea mwili kiitwacho laisini, na maharage yamejaa laisini. Ndiyo sababu posho na maharage kwa pamoja vinajenga mwili kuliko kimoja kikiwa peke yake, lakini lazima maharage yawe mengi. Kwenye nyumba nyingi sahani ni mlima wa posho na vijiko vitatu vya mchuzi wenye punje za kuhesabu. Kwa mtoto wako mdogo geuza: posho ya ukubwa wa ngumi yake, na maharage mazito zaidi ya hiyo posho, yaliyopondwa kidogo kwa mwiko.

Chagua na osha maharage usiku, uyaloweke kwenye maji mara tatu ya ujazo wake, saa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji hayo. Yanaondoka na sehemu ya vitu vinavyoleta gesi tumboni, na sehemu ya vile vinavyoshika chuma kisiingie mwilini. Weka maji mapya yapite juu ya maharage vidole viwili. Yachemke kwa nguvu, kwa mapovu makubwa, dakika 10 kamili bila kupunguza moto. Hapo usifanye mkato, kwa sababu maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu. Yakipikwa kwa uvuguvugu mrefu yanaweza kutapisha nyumba nzima. Baada ya hapo funika, punguza makaa, yaive polepole. Yaliyolowekwa huiva kwa saa moja hadi moja na nusu, wakati makavu yanaweza kumaliza saa tatu. Hapo ndipo ile 500 ya makaa inapookolewa, hasa ukipika mara moja tu kwa siku badala ya mara mbili.

Mambo matatu hufanya maharage yagome kuiva. La kwanza ni nyanya kutiwa mapema. Uchachu wake unakaza maganda, kwa hiyo subiri mpaka punje ipondeke kati ya vidole viwili, ndipo utie nyanya na chumvi. La pili ni maji magumu, yale yanayoacha utando mweupe ndani ya birika. Ukiweza, tumia ya mvua. La tatu ni maharage ya zamani yaliyokaa ghalani kwenye joto. Utayajua kwa rangi iliyofifia kuwa ya kahawia na ganda lililokunjamana, na hayo hata ukiyaloweka siku mbili yatabaki na kiini kigumu. Mwulize muuzaji kama ni ya mavuno mapya. Maeneo ya kati ya Uganda huvuna Juni na Julai, halafu tena Desemba na Januari, na hapo bei nayo hulegea. Yakigoma, usikate tamaa ukatia magadi. Ni kweli yanalainisha haraka, lakini yanaua vitamini B1 na yanaongeza sodiamu, ambayo mtu mwenye presha haihitaji. Loweka, utayasahau magadi.

Ukitaka kuokoa makaa zaidi, tengeneza kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa au boksi, kitandike majani makavu ya mgomba au nguo kuukuu kwa unene wa kiganja, chini na pembeni. Sufuria ya maharage yaliyolowekwa, ikishachemka kwa nguvu dakika 20 na ikiwa imejaa angalau theluthi mbili, ifunike, itumbukize ndani na ufunike juu kwa blanketi lililokunjwa. Baada ya saa tatu au nne yatakuwa yameiva. Yachemshe tena kabla ya kula. Sufuria yenye chakula kidogo hupoa upesi, haifai kwa kazi hii.

Yale ya usiku yatenge kabla ya kuunga, yabaki ya chumvi tu, kwenye sufuria safi yenye kifuniko. Usichovye kijiko kilichokwisha kuingia mdomoni. Kabla ya kuyala yachemshe mpaka yatokote kabisa, kupasha tu hakutoshi. Yasilale mpaka kesho yake mchana. Wali ndio hatari zaidi bila friji: vijidudu vyake huacha sumu ambayo moto wa pili hauiondoi. Pika wa mlo mmoja.

Mukene ndio jibu la swali lako la nyama. Samaki hao wadogo wa Ziwa Victoria huliwa wazima, na mifupa na vyote, hivyo vinakuja pamoja chuma, zinki, kalisi na vitamini B12 ambayo haimo katika mmea wowote sokoni. Lakini sababu kubwa ya kuwataka kwako ni nyingine: nyama au samaki akiliwa pamoja na maharage, hata kidogo, anausaidia mwili kukamata chuma cha maharage yenyewe. Kwa hiyo usiwatenge kuwa mboga ya siku yao. Watie kwenye maharage yale yale.

Ununuzi una siri yake. Mukene anayeanikwa juu ya mchanga ndiye anayeuzwa kwa chakula cha kuku, na wengine humleta mpaka kwenye meza za chakula cha watu. Chota kiganjani, tikisa, fungua vidole: mchanga ukibaki kiganjani, endelea na safari. Mzuri ana mng'ao wa fedha, amenyooka, hana harufu ya mafuta yaliyochacha. Nyumbani mtie kwenye beseni la maji ya vuguvugu, koroga, subiri mchanga utue, kisha mnyanyue kwa mikono kuhamia beseni jingine. Usimwage maji pamoja naye, mchanga utamfuata. Rudia mara tatu, mpaka chini kusibaki kitu. Mkaushe, mkaange bila mafuta kwenye kikaango dakika tano hadi saba, ukigeuza, mpaka avunjike kwa kidole. Ile shombo inayowakimbiza watoto huishia hapo. Sehemu mtie kwenye mchuzi, sehemu mtwange awe unga, umhifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Kijiko kimoja cha mezani cha unga huo kwenye maharage ya mtoto, mchana na usiku, hata hatajua kuna samaki.

Nimeweka mukene kila siku kwenye hesabu, lakini siku nne kwa wiki zinatosha. Zile 1,000 za siku tatu nunua matunda: machungwa, papai au mapera, lolote lililo kwenye msimu. Pera lina vitamini C kupita chungwa, na kwa kawaida ni rahisi. Vitamini C ndiyo inayoufungulia mwili mlango wa kupokea chuma cha maharage, ila lazima iwe kwenye mlo ule ule. Tunda la saa kumi jioni halisaidii maharage ya saa saba mchana. Siku zisizo na tunda, acha nyanya moja bila kupika, uikatekate juu ya sahani ya mdogo.

Na chai itoke mezani. Si lazima iachwe, isogezwe tu. Chai ikinywewa pamoja na chakula inakamata chuma na kukipitisha tumboni bila kutumika. Acha saa moja kabla au baada ya mlo. Kwa mtoto wa miaka mitatu sioni sababu yoyote ya kumpa chai ya majani. Badiliko hili halina gharama hata ya shilingi moja, na huenda ndilo litakalomsaidia kuliko mengine yote niliyoandika hapa.

Asubuhi basi ni uji. Gramu 350 za unga kwa maji lita 3 unatosha watu sita. Ukiweza changanya nusu ulezi, una kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine zote za hapa. Uji ukishachemka vizuri, tia gramu 100 za karanga zilizokaangwa na kutwangwa, koroga, uache dakika tano. Sukari vijiko viwili kwa kikombe ndiyo mwisho, wiki ijayo kimoja na nusu. Usiukubali uji mwepesi kama maji kwa mdogo, kwa sababu tumbo lake ni dogo, litajaa maji kabla hajapata kitu. Yeye ale mara tano kwa siku: milo mitatu na vitu viwili vya kati, kama kipande cha kiazi kitamu, ndizi, au ovakado wakati wa msimu wake. Viazi vitamu chagua vya rangi ya chungwa ndani. Vile vyeupe havina vitamini A ya kutosha, lakini kimoja cha chungwa, cha ukubwa wa ngumi yako, kinamtosha mtoto kwa siku. Kanuni hiyo hiyo ya kuchanganya wanga, kunde, samaki na majani katika sufuria moja ndiyo ya kitobero, kile ambacho kitengo cha lishe cha Mwanamugimu katika hospitali ya Mulago kimewafundisha akina mama kwa miaka mingi.

Karanga zinahitaji jicho. Usinunue zilizokwisha sagwa. Ndani ya unga ule wa waridi huwezi kuona punje zilizooza, na punje zenye ukungu hubeba sumu ya aflatoksini, ambayo huharibu ini taratibu na huhusishwa na saratani yake. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuimalizi. Nunua nzima, zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga, tupa kila iliyonyauka, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani au nyeusi, na ile inayochoma ulimi kwa uchungu. Usizile, usiwape kuku, usizirudishe kwenye karanga za mchuzi. Kisha twanga mwenyewe au simama penye mashine zako zikisagwa. Mahindi nayo vilevile: unga wenye harufu ya uvundo au ladha ya uchungu hauokolewi na kuanikwa juani.

Majani ya kijani osha kwanza, ndipo ukate. Ukikata kabla ya kuosha, vitamini zinaondoka na maji. Pika dakika tano, maji kidogo, sufuria imefunikwa, tia gramu 50 za karanga zilizobaki, maana vitamini A ya majani haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Dodo, nakati, majani ya maboga na ya kunde yote mazuri, nunua la bei nafuu siku hiyo. Niseme wazi, ingawa wengi hawatapenda: dodo peke yake haipandishi damu. Chuma kimo, lakini kimefungwa na vitu vingine ndani ya jani, kinachoingia ni kidogo. Kazi yake kwenu ni vitamini A na foliki (vitamini ya kundi B). Na juisi ya bitiruti au soda nyekundu anayonunuliwa mgonjwa wa damu inamlipa muuzaji tu, rangi nyekundu si damu.

Ile nyama ya sikukuu? Igawe pesa yake. Robo kilo ya maini mara moja kwa wiki mbili ina chuma kingi kuliko kilo nzima ya nyama ya sherehe mara moja kwa miezi mitatu. Kipande cha ukubwa wa vidole viwili kinamtosha mdogo. Kama mkubwa wako wa miaka 13 ni msichana na ameanza hedhi, mpe na yeye kipande kikubwa, anapoteza damu kila mwezi na anarefuka kwa wakati mmoja. Mjamzito asile maini mara kwa mara, yana vitamini A nyingi mno kwa mimba changa.

Kuhusu bei: kununua nusu kilo kila siku dukani ndiko kunakokugharimu. Tafuta majirani watatu mnaoaminiana, mkusanye pesa wakati wa mavuno, mnunue gunia la maharage kwa wauza nafaka wa Kisenyi au Kalerwe mgawane. Yaanike juani siku moja, yajaze kwenye jerikeni kavu mpaka mdomoni kabisa, ufunge kwa nguvu. Wadudu wa maharage hufa kwa kukosa hewa. Jerikeni iliyojaa nusu haifanyi kazi hiyo, hewa iliyobaki inawatosha. Ukisikia habari za maharage ya NAROBEAN, ni aina zilizotolewa na watafiti wa NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, mwaka 2016 zenye chuma na zinki zaidi. Ukiyakuta kwa bei ileile, chukua hayo. Mafuta chagua ya pakiti yenye alama ya F, ya chakula kilichoongezwa virutubisho: hayo yameongezwa vitamini A. Chumvi nayo iwe ya pakiti, yenye madini joto. Ya kupimwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) huwezi kujua.

Mwezi mmoja baada ya kuanza dawa mrudishe apimwe damu tena, usisubiri kuitwa. Lakini usingoje mwezi kama viganja vyake na ndani ya kope vinakuwa vyeupe kama karatasi, kama anapumua haraka akiwa amelala tu, ana homa, au nyayo zake zimevimba na ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Hapo mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na umbebe na chupa ya dawa wakaone anatumia nini.